Gari Moja la Mjini na Porini: Toyota RAV4 ya Haibridi Mbele ya Wapinzani Wake

Mlangoni mwa dereva, katika kile kimfuko cha kuwekea chupa ya maji, nina daftari dogo ambalo limekuwa likinisuta kwa miaka saba sasa. Kila nijazapo tangi huandika tarehe, kilomita zilizosomeka na lita zilizoingia, na kila niendapo kuwinda hutia alama pembeni mwa mstari. Msimu mmoja nilikaa nikajumlisha, na hesabu ikanitia haya. Katika kilomita 18,000 za mwaka mzima, safari za mawindo zilikuwa 12, kila moja kilomita 160 kwenda na kurudi, na katika hizo 160 ni 20 tu zilizokuwa nje ya lami. Yaani kilomita 240 za vumbi, mawe na matope ndizo zilizonifanya niendeshe mwaka mzima pikapu ya dizeli yenye chasisi kamili, ekseli nzito na tairi zenye meno makubwa, ilhali kilomita 17,760 zilizobaki zilikuwa za lami, nyingi zikiwa za kwenda kazini, kupeleka watoto shule na kusota katika foleni.

Pikapu hiyo ilikuwa ikienda kilomita 11 kwa lita. Gari nililolinunua baada yake, Toyota RAV4 ya haibridi (yaani yenye injini ya petroli na mota za umeme pamoja) ya kizazi cha tano, limenipa wastani wa kilomita 16 kwa lita katika njia zilezile na mkono uleule wa dereva. Kwa kilomita 18,000, la kwanza linahitaji lita 1,636 na la pili lita 1,125, kwa hiyo tofauti ni lita 511 kwa mwaka, kiasi ambacho kingejaza tangi la lita 55 la RAV4 zaidi ya mara tisa. Tathmini hii inalihusu gari hilo, lakini nimelipima mbele ya magari mengine ambayo mwindaji mwenye kuogopa gharama ya mafuta huyafikiria, kwa kuwa gari haliwezi kusifiwa au kulaumiwa likiwa peke yake.

Kabla ya gari lenyewe, neno moja kuhusu hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi hupotea. Kipimo cha kilomita kwa lita hudanganya macho. Anayetoka kwenye gari la kilomita 7 kwa lita akaenda la kilomita 10 ameokoa zaidi ya lita 4 katika kila kilomita 100. Anayetoka kwenye 15 akaenda 20 ameokoa lita 1.7 tu, ingawa tofauti ya namba inaonekana kubwa zaidi. Kwa hiyo mwenye pikapu kubwa ya petroli hana haja ya kutafuta gari la ajabu; akihamia gari la wastani tu, sehemu kubwa ya akiba ameshaipata. Na ule usomaji wa kwenye dashibodi usiuamini sana. Jaza tangi mpaka bomba lijikate lenyewe, rudisha kihesabio kwenye sifuri, endesha mpaka tangi likaribie kwisha, jaza tena kwa namna ileile, kisha gawanya. Fanya hivyo mara tano mfululizo ndipo useme gari lako linakula kiasi gani.

RAV4 ya kizazi hiki ilizinduliwa mwaka 2018. Ya haibridi ina injini ya petroli ya lita 2.5, mota za umeme mbele, na katika ile inayoendesha magurudumu yote, mota nyingine nyuma. Kipimo rasmi cha Marekani kiliipa maili 40 kwa galoni kwa matumizi mchanganyiko, ambayo ni kilomita 17 kwa lita. Mimi napata 16 kwa sababu nitakazozieleza nikifika kwenye tairi. Uzuri wa mfumo huu kwa mtu wa mjini ni kwamba foleni, ambayo kwa gari la kawaida ndiyo adui mkubwa wa tangi, hapa huwa karibu si kitu: injini huzima gari linaposimama, gari hujivuta mita chache kwa umeme, na nguvu ambayo ingepotea kwenye breki hurudi kwenye betri. Pikapu yangu ilikuwa ikienda vizuri barabara kuu na vibaya mjini. RAV4 ni kinyume chake, na kwa kuwa siku zangu nyingi ni za mjini, kinyume hicho ndicho kilichonifaa.

Porini ndiko kwenye maswali. Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba chini ya gari hili hakuna propela, yaani mhimili wa chuma wa kupeleka nguvu ya injini nyuma. Ekseli ya nyuma husukumwa na mota yake ya umeme ya kilowati 40, ambayo haikuunganishwa na injini kwa chuma chochote. Kwenye utelezi wa kawaida, majani yenye umande, changarawe ya kupanda kilima au tope la juujuu, mpangilio huo unatosha kabisa, na kitufe cha Trail husaidia kwa kufunga breki ya gurudumu linalozunguka bure ili nguvu iende kwenye lile lenye kushika. Lakini penye mchanga mzito au tope la kufika rimu, ambapo gari linahitaji kusukumwa kwa nguvu na kwa muda mrefu, mota ndogo ya nyuma haiwezi kufanya kazi ya ekseli inayopokea nguvu ya injini nzima, na hakuna zile gia ndogo za ziada ambazo hulifanya gari litambae polepole bila kuzimika. Giaboksi yake, kwa bahati nzuri, haina mkanda wala klachi ya kuungua. Ni seti ya gia zinazozunguka gia ya katikati, na kwa mwendo wa pole huvumilia.

Uvungu wake, yaani nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi, ni kati ya milimita 190 na 205 kutegemea soko na namna ya kupima. Ni kimo cha kutosha njia ya shamba iliyotunzwa, si cha njia iliyochimbwa na magurudumu ya matrekta. Nimejizoeza kushuka na kutembea mbele ya gari kila ninapofika penye mifereji miwili mirefu. Kiatu changu kikizama ndani mpaka juu ya kifundo cha mguu, narudi nyuma na kuegesha. Na hapa ndipo ilipo hoja yangu yote juu ya magari ya kuwindia: kilomita mbili za mwisho huzitembea. Mwindaji ni mtu mwenye miguu. Mnyama hasikii vizuri gari linapobaki mbali, harufu ya mafuta haimfikii, na anayefika kwa miguu ameshaanza kusoma nyayo na upepo tangu alipofunga mlango. Gari linalonifikisha mpaka chini ya mti ninaoutaka halijanisaidia kuwinda hata kidogo, ila limenipunguzia tu mwendo ambao ndio sehemu ya kuwinda.

Kuhusu ukimya, haibridi ina sifa ambayo watu huitia chumvi. Ni kweli kwamba asubuhi ya giza, betri ikiwa imejaa, gari huteremka njia ya shamba kwa umeme mtupu, na unachosikia ni changarawe ikipasuka chini ya tairi. Lakini katika masoko mengi sasa sheria inalitaka gari la namna hii litoe sauti ya kuwatahadharisha watembea kwa miguu linapokwenda polepole. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, sharti hilo linahusu magari yote mapya ya umeme na haibridi tangu Julai 2021, kwa mwendo wa mpaka kilomita 20 kwa saa na wakati wa kurudi nyuma. Ongeza kengele ya mkanda wa kiti, ambayo hulia kwa bidii pale unapoweka mkoba mzito kwenye kiti cha abiria, na taa za ndani zinazowaka mlango unapofunguliwa. Hayo si ya RAV4 peke yake; magari ya siku hizi karibu yote yana ulimbukeni huo. Mimi hufunga mkanda wa kiti kitupu kabla ya kuondoka nyumbani, huzima taa ya ndani kwa swichi, na hufunga mlango kwa kuusukuma na nyonga badala ya kuubamiza.

Sasa buti, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa maelezo ya wauzaji hayasemi lolote la maana kwa mwindaji. Kwa kipimo cha Ulaya buti la RAV4 ni lita 580 viti vikiwa vimesimama. Lita hazinisaidii. Ninachotaka kujua ni kimo cha ukingo kutoka ardhini, upana kati ya matao ya magurudumu, na kama sakafu inakuwa bapa viti vikilazwa. Kumnyanyua mnyama wa kilo 60 ukiwa peke yako, mikono ikiteleza, giza likiingia, si sawa na kunyanyua gunia: gunia halina miguu inayokwama kwenye bampa. Ukingo wa buti la gari la namna hii unanifikia chini kidogo ya kiuno, na bamba la plastiki ngumu likiegemezwa pale, naweza kumvuta mnyama kwa kamba mpaka ndani bila kuumiza mgongo. Kitanda cha pikapu yangu ya zamani kilikuwa usawa wa tumbo. Mara nyingi nililazimika kumsubiri mwenzangu arudi ndipo tuinue pamoja, na nilishakata nyama vipandevipande porini kwa sababu hiyo tu.

Damu ndiyo mtihani mwingine. Kabla ya pikapu nilikuwa na gari dogo la stesheni wagoni lenye zulia nyuma, na siku moja turubai lilitoboka bila mimi kujua. Damu ilipenya chini ya zulia ikakusanyika kwenye shimo la tairi ya spea, ambako niliigundua baada ya siku tatu, wakati abiria wa nyuma walipoanza kufungua vioo bila kusema kitu. Tangu hapo sikubali gari lolote bila sinia la plastiki gumu lenye kingo za angalau sentimita 8, lililokatwa kwa umbo la buti lenyewe, na juu yake turubai zito. Katika RAV4 ya haibridi sharti hilo lina sababu ya ziada: betri kuu iko chini ya kiti cha nyuma, na hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari inayovutwa kupitia matundu yaliyo chini ya kiti hicho. Matundu hayo yana kichujio, na kichujio hicho hupenda sana manyoya ya mbwa. Anayebeba mbwa wa kuwindia na asikikague kila baada ya miezi michache ataona gari likilalamika joto la betri bila kuelewa limetoka wapi. Mimi hukitoa kwa mkono, nikakipiga brashi kavu, nikakirudisha. Ni kazi ya dakika kumi.

Nyama haitaki joto, na gari lililofungwa likakaa juani ni tanuri. Kanuni za Ulaya zinataka nyama ya mnyama mkubwa wa porini ipozwe mpaka nyuzi 7 au chini yake, na hata asiyeishi chini ya kanuni hizo atafanya vema kuilenga namba hiyo. Hapa haibridi ilinishangaza kwa uzuri. Kompresa ya kiyoyozi chake huendeshwa kwa umeme, kwa hiyo naweza kuacha gari likiwa limewashwa kivulini, ubaridi ukiendelea, na injini ikiamka mara mojamoja tu kujaza betri, badala ya kunguruma saa nzima kama ya pikapu. Lakini angalizo: ile betri ndogo ya volti 12 katika haibridi haikutengenezwa kwa ajili ya kuwasha injini kwa nguvu kama ya gari la kawaida, na ni rahisi kuimaliza kwa friji ya gari ukiiacha inafanya kazi huku gari limezimwa. Friji iwe inafanya kazi gari likiwa tayari kwa safari, au iwe na betri yake yenyewe.

Bunduki nayo inataka mahali. Sheria hutofautiana, lakini karibu kila mahali hutakiwa kusafirishwa ikiwa tupu na imefungwa, na risasi mara nyingi zikae mbali nayo, na busara inataka isionekane na mpita njia. Gari lenye buti lililofunikwa hulitimiza hilo bila jasho. Pikapu ya kabini moja hailitimizi: ama sanduku linakaa wazi nyuma, ama linalala nyuma ya viti likibonyeza mgongo wa dereva.

Kwa wapinzani, nianze na yule ambaye moyo wangu ulimtaka. Suzuki Jimny ya tangu 2018 ina kila kitu ambacho RAV4 haina: chasisi kamili, ekseli nzima mbele na nyuma, gia ndogo za ziada, uvungu wa milimita 210, na mwili mfupi unaopita kati ya visiki kama mbuzi. Inafika mahali ambapo mimi ningekuwa nimeshaegesha zamani. Lakini injini yake ya lita 1.5 yenye nguvu farasi 102 husukuma sanduku la pembe nne dhidi ya upepo, kwa hiyo katika barabara kuu matumizi yake hayalingani hata kidogo na udogo wake. Mwenzangu wa mawindo hupata kilomita 12 kwa lita, na akienda kwa haraka 11. Tangi lake ni la lita 40, na buti viti vikiwa vimesimama ni lita 85, ambazo zinatosha jozi ya viatu vya mvua na kamba. Ni gari la kuwindia linaloweza kwenda kazini, wakati mimi nilikuwa natafuta kinyume chake. Mtu asiye na familia, anayeishi kilomita chache kutoka mahali anapowinda, aichukue na asinisikilize.

Subaru Forester ni mshindani wa kweli zaidi. Uvungu wake ni milimita 220, inaendesha magurudumu yote wakati wote kwa chuma halisi hadi nyuma, na inaaminika kwenye utelezi kuliko RAV4. Ile ya petroli ya lita 2.5, ya kizazi kilichotangulia hiki cha sasa, ilipewa nchini Marekani maili 29 kwa galoni, ambazo ni kilomita 12.3 kwa lita. Mwaka 2025 ilikuja ya haibridi, ambayo imebakiza propela yake na kupewa maili 35, takriban kilomita 15 kwa lita. Ingekuwepo wakati nanunua, pengine tathmini hii ingekuwa juu yake. Kwa mtu ambaye katika kilomita zake za nje ya lami nyingi ni tope, na anayekubali kupoteza kilomita moja au mbili kwa kila lita, nadhani ndilo chaguo bora kuliko langu.

Dacia Duster ya dizeli ya lita 1.5, ile inayoendesha magurudumu manne, inastahili heshima ambayo watu hawaipi kwa sababu ya sura yake ya kimasikini. Uvungu ni milimita 210, ina swichi ya kuchagua magurudumu mawili, manne yanayojiamulia, au manne yaliyofungwa, na gia yake ya kwanza imefanywa fupi makusudi ili itambae mlimani, ikiziba kwa kiasi fulani pengo la kukosa gia ndogo. Barabara ndefu ndiyo nyumbani kwake. Hapo inaishinda haibridi yoyote niliyoitaja. Tatizo ni dizeli za kisasa kwa jumla. Zina chujio la masizi kwenye ekzosi, ambalo hujisafisha kwa kuunguza masizi hayo injini inapokuwa ya moto kwa muda mrefu, na anayeendesha kilomita nne kwenda shule na nne kurudi halipi nafasi hiyo. Pikapu yangu, ambayo si ya kampuni hii, ilinifundisha jambo hilo kwa gharama: taa ya njano iliwaka Jumatatu, nikaipuuza, na kufika Ijumaa gari lilikuwa halipandi hata kilima cha nyumbani. Fundi alilisafisha chujio kwa kuliunguza kwa nguvu, akaniambia kwa upole kwamba gari hili halikutengenezwa kwa ajili yangu. Alikuwa na haki. Anayesafiri kilomita 50 za barabara kuu kila siku hana sababu ya kuogopa lolote kati ya hayo, naye dizeli itamfaa kuliko haibridi.

Ford Maverick ya haibridi nitaipita haraka, kwa kuwa inauzwa katika masoko machache. Ni pikapu ndogo yenye kitanda cha sentimita 137, inabeba mpaka kilo 680, na ilipotoka na modeli ya 2022 ilipewa maili 37 kwa galoni, karibu kilomita 16 kwa lita. Kabla ya modeli ya 2025 haibridi yake ilisukuma magurudumu ya mbele tu. Anayetaka damu ikae nje ya pua zake na bado asimalize mshahara kwenye mafuta, ile inayosukuma magurudumu manne ndiyo jibu. Gari la umeme mtupu linanivutia kwa ukimya, lakini mahali ninapolala porini hakuna hata waya wa simu.

Kuhusu pikapu kubwa za dizeli za mfano wa Hilux, sina la kuzivunjia heshima. Zinabeba karibu tani moja, zina gia ndogo, na fundi wa popote anazijua. Ila kitanda kikiwa kitupu nyuma huwa nyepesi na springi za mabapa hurukaruka, na huo uwezo wa tani moja unaulipia kwenye kila kilomita ya siku ambazo umebeba begi la kompyuta. Anayevuta trela lenye wanyama wawili wakubwa aende huko moja kwa moja. RAV4 ya haibridi inayoendesha magurudumu yote inaruhusiwa kuvuta kilo 1,650 Ulaya na takriban 790 tu Marekani, tofauti inayotokana na kanuni za soko, kwa hiyo soma kitabu cha gari lako lenyewe, usisome cha mwingine.

Sasa kuhusu ile kilomita moja ninayoipoteza. RAV4 yangu ilipokuwa na tairi za kiwandani ilikuwa ikinipa 16.6 kwa lita. Nilipoweka tairi za njia zote, zenye ubavu mgumu na meno ya wastani, ilishuka hadi 15.8 na mlio wa lami ukaongezeka. Sijutii. Kwa gari lisilo na gia ndogo, tairi ndiyo nusu ya uwezo wake porini, na jiwe lenye ncha halitofautishi gari la kifahari na gari la shamba. Kubali hasara hiyo, lakini usiiongezee kwa uzembe. Upepo wa tairi upimwe kila baada ya wiki mbili, na ukiupunguza kwa ajili ya mchanga, beba pampu ya kuurudisha kabla ya kugusa lami. Baadhi ya haibridi huja na tairi ya spea nyembamba ya muda au hazina spea kabisa, na kwenda kilomita 20 ndani ya pori na chupa ya gundi ya tairi ni kujitafutia usiku mrefu. Mimi nilinunua spea kamili, ikameza sehemu ya sakafu ya buti, nikanyamaza.

Keria ya juu ndiyo mwizi asiyetajwa. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba sanduku kubwa butu juu ya paa linaweza kupunguza umbali wa gari kwa kila lita kwa asilimia 6 hadi 17 katika barabara kuu, na 10 hadi 25 kwa mwendo wa kasi wa barabara za mbali, ilhali mzigo uliofungwa nyuma hupunguza asilimia 1 hadi 5 tu katika barabara kuu. Nimeona wawindaji wengi wakinunua gari la kubana mafuta, wakalivika keria, taa nne kubwa na jerikeni mbili mwezi wa kwanza, kisha wakalalamika mwaka mzima kwamba namba za kiwandani ni za uongo. Hatukutani porini kwa maonyesho.

Kwa anayenunua lililotumika, nenda na mambo manne: tochi, utepe wa kupimia, turubai na mwenzako mwenye mgongo mzima. Lala chini uangalie kama mabamba ya plastiki ya kukinga tumbo la gari yapo yote au yameshang'olewa na visiki. Fungua kichujio cha betri chini ya kiti cha nyuma uone kama kimeziba. Inua zulia la buti unuse. Kisha laza viti, tandika turubai, na umwombe mwenzako alale humo akunje miguu. Muuzaji atakutazama kwa mshangao, lakini kama mwenzako hatoshi, kulungu dume hatatosha pia.

Daftari langu lilisomeka 15.9 tangi la mwisho. Keria iko juu ya kabati gerejini, na haitashuka mpaka msimu ufunguliwe.